Kitabu cha Picha Ndani ya Simu: Mzazi Askari Achague Nini?

Ndugu wasomaji, jioni moja mwezi uliopita tulikaribishwa chakula nyumbani kwa sajini mmoja aliyekuwa amerejea karibuni kutoka kazi ya ulinzi wa amani nje ya nchi. Hiyo ilikuwa ni mara yake ya pili kwenda. Miongoni mwa zawadi alizowaletea jamaa zake kulikuwa na kishikwambi kipya, yaani ile simu pana ambayo wengi huiita tableti, na ndani yake alikuwa amejaza vitabu vya hadithi zaidi ya sitini, vyote vyenye picha za rangi, kwa ajili ya mwanawe wa kiume mwenye umri wa miaka 6.

Mtoto alikuwa ameketi kwenye mkeka akigusagusa kioo. Kila alipomgusa chura, chura aliimba. Kila alipougusa mti, matunda yalianguka kwa kishindo. Baba yake alimtazama kwa furaha. Tukamwuliza mtoto, "Hebu tueleze, mwanetu, chura huyo amepatwa na nini?" Akafikiri kidogo, kisha akajibu, "Ukimgusa, anaimba." "Na halafu?" "Anaimba tena." Hadithi yenyewe hakuijua, wala hakujua kuwa ndani ya kile chombo mlikuwa na hadithi.

Baba alinyamaza. Alipotusindikiza hadi langoni alisema maneno ambayo ndiyo yaliyotusukuma kuandika makala haya: "Afande, nilidhani nimemletea vitabu, kumbe nimemletea kitu cha kumnyamazisha. Na mimi mwenyewe, akijisahau, bado huniita mjomba."

Jambo hili si la sajini yule peke yake. Tangu mwezi wa Machi 2007, askari wa Uganda walipoanza kufika Mogadishu, maelfu ya baba na mama wamejua maana ya kuikosa miaka ya mwanzo ya watoto wao. Polisi naye, hata akiwa hapa nchini, huhamishwa kutoka wilaya hadi wilaya, na zamu za usiku humtoa nyumbani saa ile ile ambayo mtoto anataka kusimuliwa hadithi. Simu imeingia katika pengo hilo. Basi, hatuna budi kujiuliza kama simu hiyo itaziba pengo au italipanua.

VITABU HIVI VIMETOKA WAPI

Kumfundisha mtoto kwa picha si uvumbuzi wa zama hizi. Mwaka 1658, katika mji wa Nuremberg, mwalimu Jan Amos Comenius alitoa kitabu kiitwacho Orbis Pictus, ambamo kila somo lilikuwa na picha yake, na vitu vilivyokuwa katika picha vilitiwa namba zilizoambatana na maneno yaliyoandikwa chini. Alifahamu kwamba jicho la mtoto hutangulia, na neno hulifuata jicho.

Vitabu vya kusomwa kwenye mitambo navyo vina umri kuliko wengi wetu tunavyodhani. Tarehe 4 Julai 1971, Mmarekani aitwaye Michael Hart aliliandika Azimio la Uhuru la nchi yake katika kompyuta ya chuo kikuu ili watu wengine wapate kulisoma bure, na hapo ndipo ulipoanzia mradi wa Gutenberg. Lakini kwa miaka mingi hazina hizo zilikuwa na maandishi matupu, tena kwa lugha za Ulaya. Mtoto wa Gulu, wa Mbale au wa Mbarara hakuwa na fungu lake humo.

Mambo yalibadilika katika muongo uliopita. Shirika la Saide la Afrika Kusini lilianzisha African Storybook, maktaba ya hadithi za picha kwa lugha za Kiafrika, na Uganda ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza ambamo kazi hiyo ilijaribiwa, pamoja na Kenya na Afrika Kusini yenyewe. Mnamo Septemba 2015, shirika la Pratham Books la India lilifungua maktaba nyingine ya namna hiyo, iitwayo StoryWeaver. Katika maktaba zote mbili vitabu hutolewa kwa leseni inayomruhusu msomaji kuvipakua, kuvinakili, kuvipiga chapa na hata kuvitafsiri bila kulipa, mradi awataje waliovitunga na kuvichora. Kwa hiyo askari asiye na fedha ya kununua vitabu dukani hana tena kisingizio cha bei. Kisingizio kilichobaki ni cha kutochagua.

FUNZO KUTOKA TANGA

Wako wanaodai kwamba kioo hakiwezi kumfundisha mtoto chochote. Hao tunawaomba wautazame mkoa wa Tanga, katika nchi jirani ya Tanzania. Mwishoni mwa mwaka 2017, wandalizi wa shindano la XPRIZE, wakishirikiana na serikali ya Tanzania, UNESCO na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, walianza kuwagawia vishikwambi vyenye masomo ya Kiswahili watoto wapatao 3,000 katika vijiji 170, pamoja na vituo vya kuvitia umeme wa jua. Wengi wa watoto hao hawakuwa wamewahi kwenda shule, na zaidi ya 90 katika kila 100 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15, idadi ya wasioweza kusoma neno ilikuwa imepungua kwa nusu. Mwezi wa Mei 2019 washindi wawili, Kitkit School na onebillion, waligawana zawadi ya dola milioni 10.

Hayo si mafanikio madogo. Lakini yafaa tuyatazame kwa macho mawili. Jicho la kwanza linaona kwamba chombo kilichopangwa vizuri, kwa lugha ambayo mtoto anaisikia, humfikisha mahali. Jicho la pili linaona kwamba nusu ya wale watoto ilibaki pale pale. Chombo peke yake hakimalizi kazi.

PICHA NA MANENO VIWE NJIA MOJA

Basi mzazi achague nini? Shauri letu la kwanza linahusu picha. Picha nzuri si ile yenye rangi nyingi, bali ile inayosimulia jambo lile lile ambalo maneno yanasimulia. Maneno yakisema kwamba bibi amekasirika, uso wa bibi uonyeshe hasira. Maneno yakisema mbuzi watatu, mtoto aweze kuwahesabu mbuzi watatu. Mtoto ambaye hajajua kusoma vema huitumia picha kama vile askari mgeni wa mahali anavyoitumia ramani, na ramani isiyolingana na ardhi humpoteza mwenye kuifuata.

Hapo ndipo alipoangukia yule chura mwimbaji. Mwaka 2015 wataalamu watatu, Zsofia Takacs, Elise Swart na Adriana Bus, walikusanya matokeo ya tafiti 43 kuhusu vitabu vya watoto vilivyotiwa sauti na picha zinazotembea. Waliona kwamba picha inayotembea kufuatana na hadithi, na sauti inayolingana nayo, humsaidia mtoto kuielewa hadithi na kujifunza maneno. Lakini michezo na vitu vya kugusa vilivyotiwa ndani ya kitabu havimsaidii. Humwondoa katika hadithi. Mwaka 2021, Bus pamoja na May Irene Furenes na Natalia Kucirkova walilinganisha kitabu cha karatasi na cha kioo katika tafiti 39 zilizohusu watoto 1,812 wenye umri wa mwaka 1 hadi 8. Kitabu cha kioo kisichokuwa na nyongeza ya maana kilishindwa na karatasi. Kile ambacho nyongeza zake ziliielekeza akili ya mtoto kwenye kiini cha hadithi kiliishinda karatasi.

Kwa maneno machache, kabla hujampa mtoto kitabu, gusa kila kinachogusika. Ukiona kwamba kugusa kunakupeleka mbele katika hadithi, kitabu hicho chafaa. Ukiona kwamba kunakusimamisha pale pale ukicheka, huo ni mchezo uliovaa nguo za kitabu.

KIASI CHA MTOTO

Shauri la pili ni kiasi. Hakuna ofisa anayemtwisha kuruta mzigo wa askari mzoefu siku ya kwanza, lakini wazazi wengi humpa mtoto wa darasa la kwanza hadithi ya darasa la tano, kisha humwita mvivu. Maktaba tulizozitaja hupanga vitabu vyake kwa ngazi. Katika StoryWeaver, kwa mfano, kitabu cha ngazi ya kwanza hakizidi maneno 250, cha ngazi ya pili kina kati ya 250 na 600, cha ngazi ya tatu hufika 1,500, na cha nne huzidi hapo. Mzazi aitazame ngazi kabla ya kutazama jalada.

Asiyekuwa na hakika atumie vidole. Mtoto asome ukurasa mmoja kwa sauti, na kila afikapo kwenye neno asilolijua akunje kidole kimoja. Vidole vitano vikikunjwa kabla ya mwisho wa ukurasa, kitabu hicho ni kizito. Hakitupwi, mzazi atamsomea yeye mwenyewe, na mtoto atakifikia baadaye. Asipokunja hata kimoja, amekwisha kukipita, na ni wakati wa kumpandisha ngazi.

LUGHA YA NYUMBANI NA LUGHA YA KAMBI

Shauri la tatu ni lugha. Katika kambi zetu mtoto huzaliwa katikati ya lugha nyingi. Mama yake huenda akasema Kilugbara, baba yake Kiganda, jirani Kiacholi, na wote wakikutana bombani husema Kiswahili, ambacho kimekuwa lugha ya majeshi yetu tangu enzi za King's African Rifles. Mwaka 2005 Katiba ilifanyiwa marekebisho na kukifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili ya taifa, na mwezi wa Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe shuleni kwa lazima. Aidha, mtaala wa shule za msingi ulioanza mwaka 2007 unataka mtoto wa madarasa matatu ya kwanza afundishwe kwa lugha ya mahali alipo, pale inapowezekana.

Hata hivyo, wazazi wengi wakifungua simu hutafuta vitabu vya Kiingereza peke yake, wakidhani kwamba ndiyo njia fupi ya kupata elimu. Mtoto anayehangaika na lugha hana nafasi ya kuhangaika na hadithi. Mwache aijue kwanza raha ya kuelewa. Uzuri wa maktaba hizi ni kwamba hadithi ile ile, kwa picha zile zile, mara nyingi hupatikana kwa lugha kadha wa kadha. Leo someni kwa Kiganda au Kilumasaaba, kesho kwa Kiswahili, keshokutwa kwa Kiingereza. Picha haibadiliki, nayo humshika mtoto mkono anapovuka kutoka lugha moja kwenda nyingine.

Wala tusidhani kwamba kila kisicholipiwa kinafaa. Hadithi za Beatrix Potter juu ya sungura Peter, ambazo kitabu chake kilitolewa London mwaka 1902, hupatikana bure pamoja na picha zake, na picha hizo ni za kupendeza kweli. Lakini Kiingereza chake kina zaidi ya miaka mia moja, na bustani zake si mashamba yetu. Kitabu kama hicho kimngojee mtoto aliyekwisha kuzoea kusoma.

UKAGUZI KABLA YA KUKABIDHI

Ndugu askari, hakuna ghala linalotoa silaha bila ukaguzi na bila kuandikwa kitabuni. Simu nayo yastahili ukaguzi kabla haijaingia mkononi mwa mtoto.

Kwanza, simu ya kazi isiwe simu ya hadithi. Kidole cha mtoto hakijui siri. Kwa mguso mmoja picha ya kikosi au ujumbe wa zamu waweza kwenda kwa mtu asiyehusika. Kama simu ni moja tu nyumbani, ifungiwe katika programu moja. Simu nyingi za Android zina njia hiyo ndani ya mipangilio yake, na mtoto hawezi kutoka humo bila namba ya siri.

Pili, kaa macho kwa matangazo ya biashara. Programu nyingi za hadithi zinazoitwa za bure hujilipa kwa matangazo, na tangazo halijui kwamba anayetazama ana miaka 6. Kitabu kilichopakuliwa na kuhifadhiwa ndani ya simu ni bora kuliko kinachofunguliwa katika intaneti kila siku. Kipakue mara moja ukiwa mahali penye mtandao mzuri, zima intaneti, kisha msome bila wasiwasi. Kitabu hicho waweza pia kumpa jirani kwa Bluetooth bila gharama ya data, na leseni yake yaruhusu. Kambi ya nyumba ishirini yaweza kuwa na maktaba moja bila kujenga hata ukuta.

Tatu, kitabu kifunguliwe kwenye chombo kile kile atakachotumia mtoto. Kuna vitabu vilivyopangwa kwa kioo kikubwa, na kwenye simu ndogo maandishi yake huwa kama safu ya sisimizi. Mtoto atalazimika kukuza ukurasa kwa vidole, na akikuza maneno, picha hutoweka.

Nne, wakati. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mtoto wa mwaka mmoja asikalishwe mbele ya kioo kabisa, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku, tena ikiwa chini ya hapo ni heri zaidi. Shirika hilo hilo lilihimiza mtoto anapokaa asomewe na kusimuliwa hadithi na anayemlea. Dakika ishirini za kitabu kimoja pamoja na mzazi zatosha. Kisha simu ipumzike, mtoto akacheze nje.

SAUTI YA MZAZI ALIYE MBALI

Sasa twarudi kwenye lile neno la sajini, kuitwa mjomba na mwanawe. Jambo hilo limewapata wengine kabla yetu. Huko Marekani, daktari mmoja wa jeshi la majini alirudi nyumbani kutoka kazini akakuta binti yake mdogo hamtambui. Mkewe, Betty Mohlenbrock, hakulisahau jambo lile, na mwaka 1989 alianzisha shirika liitwalo United Through Reading. Kazi yake ni nyepesi kueleza: askari aliye mbali husoma kitabu cha watoto mbele ya kamera, na kanda ile hupelekwa nyumbani, mtoto akatazama na kusikiliza huku akifuata kitabu chenyewe.

Hatuhitaji kungoja shirika wala kamera. Askari aliye doria mpakani, na polisi aliyehamishiwa wilaya ya mbali, wote wana simu zinazoweza kurekodi sauti. Chagua kitabu kimoja cha ngazi ya mtoto wako. Kipakue wewe, na mama watoto akipakue nyumbani. Au, kama mama ndiye askari, baba afanye hivyo. Kisha jirekodi ukikisoma polepole, ukitaja mwisho wa kila ukurasa ili mtoto afungue unaofuata. Uliza maswali: "Unamwona wapi kobe? Unadhani atavuka mto?" Nyamaza kidogo, umwachie nafasi ya kujibu, hata kama humsikii. Tuma mtandao utakapopatikana, na usitaje mahali ulipo wala jambo la kazi. Mtoto ataisikia sauti ile mara kumi, mara ishirini, na siku utakaporudi sauti yako haitakuwa ngeni.

Tunajua wako watakaosema kwamba kusoma hawakujaliwa sana. Kwao tunasema kwamba kitabu cha picha hakimwaibishi mtu. Itazame picha, simulia unachokiona kwa lugha ya kwenu, na mtoto ataridhika. Baba zetu walisimulia bila kitabu chochote, nasi twakumbuka mpaka leo.

TULIPORUDI KWA SAJINI

Juma lililopita tulipita tena kwa yule sajini. Alituambia kwamba aliketi usiku wa siku mbili akivipitia vile vitabu sitini kimoja kimoja, kama mtu anayekagua orodha ya vifaa. Vilivyobaki ni vinane. Chura mwimbaji hayumo. Mwanzoni mtoto alilia, akataka arudishiwe. Baba hakubishana naye. Aliketi mkekani akafungua hadithi ya Kiswahili ya msichana aliyepotelewa na mbuzi, akaanza kusoma peke yake kwa sauti. Kufikia ukurasa wa nne mtoto alikuwa amesogea.

Tulimwuliza kama bado anaitwa mjomba. Akacheka, akasema, "Afande, siku nyingine huteleza. Lakini jana nilikuwa nimechoka, nikaruka ukurasa mmoja. Akanishika mkono, akaniambia, 'Baba, umeacha pale mbuzi alipojificha.'"

Ndugu wasomaji, wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Malezi hayo hayawezi kuachiwa chombo, hata chombo kiwe kizuri namna gani. Vitabu vipo, bei haipo, na lugha zetu zimo ndani yake. Kilichobaki ni mzazi kuchagua vichache, kuvisoma kwanza yeye mwenyewe, kisha kuketi na mwanawe, au kumtumia sauti yake kutoka kokote aliko. Kazi hiyo ni yetu, na saa yake ni jioni hii.